Jioni Kocha Aliporudi Ndani ya Skramu

Mwaka 2013 sheria ya skramu katika raga, pale wachezaji wanane wa kila timu wanapofungamana na kusukumana wakigombea mpira, ilibadilishwa. Awali safu za mbele ziligongana kwa kishindo refa alipotoa amri. Sasa mapropu, wale wawili wa pembeni katika safu ya mbele, walitakiwa kushikana jezi kwanza, ndipo wasukumane. Marefa nao wakaagizwa wakaze jambo lililopuuzwa kwa miaka mingi: namba tisa, anayeuingiza mpira kwenye skramu, aupitishe katikati, asiutupe miguuni mwa wenzake.

Mimi nilikuwa namba mbili katika klabu moja ya Nairobi, yule anayekaa kati ya mapropu, na sasa ilinipasa kuuvuta mpira nyuma kwa mguu, jambo ambalo sikulijua. Tangu nianze raga kazi yangu ilikuwa kusukuma tu.

Kocha alicheza nafasi hiyohiyo enzi zake, kisha akaifundisha klabu hadi vijana wa wachezaji wenzake wakawa wachezaji wake. Mshahara hakuwa nao. Alitoka kazini mjini, akavulia tai garini, akaingia uwanjani na filimbi.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imenyesha. "Hebu toka kidogo, kijana," akaniambia. Akanikabidhi saa yake, akajipenyeza kati ya mapropu wawili waliomzidi uzito kwa mbali, masikio yake yaliyokakamaa yakibanwa na vichwa vyao. "Tazama nyonga, usitazame mguu!"

Nikalala kifudifudi kwenye tope. Uzito wote aliuweka mguu wa kushoto, nyonga ya kulia akaigeuza kidogo. Kidole chake kikagonga bega la namba moja, propu wa kushoto, ishara kwa namba tisa kwamba yuko tayari. Mpira ulipoingia, mguu wa kulia ukachomoka kama ulimi wa kinyonga, na mpira ukatokea kwa namba nane, aliye nyuma kabisa ya skramu. Tulipiga mayowe.

Akanirudisha mahali pangu. Nilikosa, nikakosa tena. "Una haraka. Ungoje mkono wa namba tisa uachie." Tuliendelea hadi giza likatufukuza.

Benjamin Ayimba, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa, anasifiwa, na ni haki yake, kwa kuifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kule Dubai mwaka 2009, kisha ubingwa wa mashindano ya Singapore mwaka 2016. Lakini mchezaji hufika timu ya taifa akiwa amekwisha kupikwa klabuni, na wapishi hao hawatajwi.

Katika mechi ya kwanza ya msimu nikauvuta mpira wetu wa kwanza, safi kabisa. Nilipoinua kichwa kumtafuta Kocha, alikuwa tayari anamfokea namba kumi kuhusu pasi.