Kuvumwani ya Miamba ya Appalachia na Kivuli Kinachoilinda

Katika sehemu ya kusini ya milima ya Appalachia, nchini Marekani, huota kuvumwani ambayo haipatikani mahali pengine popote duniani. Jina lake la kitaalamu ni Cetradonia linearis, ingawa wengine bado huiita Gymnoderma lineare, na makazi yake makuu yako North Carolina na Tennessee. Kama kuvumwani nyingi, ni ushirika wa kuvu na mwani. Huonekana kama vipande vyembamba vilivyosongamana, vyenye upana wa takriban milimita moja, rangi ya kijivu yenye ubuluu upande wa juu na nyeupe ing'aayo upande wa chini.

Waliopanda Kilimanjaro watakumbuka kuvumwani iitwayo Usnea inayoning'inia kwenye miti ukanda wa juu wa msitu na kunyweshwa na ukungu. Hii ya Appalachia nayo hutegemea unyevu, ila imechagua maisha magumu zaidi: hushikamana na miamba iliyosimama wima, ama kwenye vilele vya zaidi ya mita 1,500 ambavyo hufunikwa na ukungu mara kwa mara, ama chini kabisa kwenye makorongo ya mito. Hupenda mwamba unaopitiwa na maji wakati wa mvua nyingi tu, na haivumilii jua kali. Ndiyo maana sipendi ramani zinazopaka rangi wilaya nzima kuonyesha mahali inapopatikana, kwa kuwa ilipoingizwa mwaka 1995 katika orodha ya shirikisho ya viumbe walio hatarini kutoweka, makundi yake mengi hayakuzidi mita moja ya mraba. Ilikuwa kuvumwani ya pili kupewa ulinzi huo, baada ya Cladonia perforata ya Florida mwaka 1993.

Wakwea miamba huikanyaga na wakusanyaji huibandua, lakini adui wake mkubwa hata haigusi. Ni kidudu kiitwacho Adelges piceae, kilichoingia Amerika ya Kaskazini kutoka Ulaya na kugunduliwa kwenye mlima Mitchell, huko North Carolina, mwaka 1957. Hufyonza miti ya Abies fraseri, ya jamii ya misonobari, ile ile ambayo Wamarekani huipanda mashambani kwa mamilioni ili waipambe wakati wa Krismasi, na kimeua sehemu kubwa ya miti iliyokomaa katika misitu ya asili ya vilele hivyo. Mti ukifa, jua huupiga mwamba, nao hukauka. Huko makorongoni jamaa wa kidudu hicho, Adelges tsugae kutoka Japani, anaifanyia vivyo hivyo miti ya Tsuga, nayo ya jamii ya misonobari.

Kwa hiyo, sioni faida kubwa ya kuulinda mwamba peke yake, hata kama uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains. Kuvumwani hii husambaa zaidi kwa kurefuka na kugawanyika papo hapo, hivyo kundi likishatoweka si rahisi mahali hapo pajazwe na jingine kutoka mbali. Katika hifadhi hiyo miti ya Tsuga hutiwa dawa, na mbawakawa wanaowala vidudu hao huachiliwa msituni. Kazi hiyo hufanywa kwa ajili ya miti, lakini naamini ina manufaa kwa kuvumwani ya makorongoni kuliko uzio wowote.