Kuna Mtanzania?

Swali hilo nililisikia tena juma lililopita katika saluni ninakonyolea pale Majengo, wakati msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku alipotangaza kwamba feri imezama katika nchi moja ya Asia. Mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake aliuliza, "Kuna Mtanzania?" Kinyozi akajibu, "Hakuna, mzee wangu," ingawa msomaji hakuwa amesema lolote kuhusu hilo, na kabla idadi ya waliokufa haijatajwa tulikuwa tumekwisha kuhamia stesheni ya mpira. Mimi nilikaa kimya, kichwa nusu kikiwa kimenyolewa.

Sisi watu wa Dodoma tuna donda letu katika jambo hili. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima kati ya Igandu na Msagali ilirudi nyuma bila kuzuilika hadi ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa akisoma London, aliniandikia kwamba katika gazeti alilonunua ajali yetu ilipewa aya chache tu, kisha kurasa zikarudi kwenye Kombe la Dunia. Mwezi uliotangulia, tarehe 10 Mei, treni ilikuwa imeacha reli katika stesheni ya Potters Bar, kaskazini mwa jiji hilo, wakafa watu 7, na Waingereza walikuwa bado wanabishana juu ya nani alizembea kukagua nati za reli. Barua ile niliitumia kwa miaka mingi kama ushahidi dhidi ya vyombo vya habari vya wenzetu.

Mwaka 2019 ndio ulioninyang'anya ushahidi huo. Usiku wa tarehe 14 Machi kimbunga Idai kiliipiga Beira, na nchini Msumbiji peke yake kikaua watu zaidi ya 600. Hata hivyo, katika vijiwe ninavyokaa sikumbuki kama kilizungumzwa kwa zaidi ya siku mbili. Mwezi uliofuata kikaja kimbunga Kenneth, nacho kilihofiwa kupita Mtwara. Hapo redio hazikulala. Wakazi wa Mtwara waliambiwa wakimbilie maeneo ya miinuko, nasi huku tusikoijua hata harufu ya bahari tukawa tunawapigia simu ndugu zetu kila saa. Tarehe 25 Aprili kimbunga kilipotua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tulisema kwamba Mungu ametuepusha, na redio zikarudia muziki saa ileile ambayo jirani zetu walikuwa wanaanza kuezuliwa mapaa.

Mwaka 1965 watafiti Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, waliochunguza magazeti ya Norway, walieleza kwamba habari ya mbali hupenya kwa urahisi zaidi ikiwa inahusu watu wanaofanana kitamaduni na wasomaji. Maelezo hayo yanaifaa Potters Bar, lakini hayatusaidii sisi, kwa kuwa Cabo Delgado wapo Wamakonde kama wale wa Mtwara, na wapo Wamwani ambao lugha yao ni jirani kabisa ya Kiswahili. Kilichotutenga nao hakikuwa utamaduni wala umbali, bali pasi ya kusafiria. Tena habari nyingi za Msumbiji hutufikia kupitia mashirika ya London na Paris, yaani zikiwa zimekwisha kuchujwa kwa ajili ya wasomaji wa huko, kisha nasi tunazichuja upya kwa swali letu moja.

Yule mzee simlaumu. Tulipokuwa tunatoka aliniambia kwamba mwanawe ni baharia katika meli za huko, na akaniuliza kama nililisikia jina la feri. Sikulisikia.