Korosho ililipa gari, ufuta ukalipa kiingilio

Mwenye wazo la kwenda hifadhini kumwona twiga ni Somoe, na lilianza kama ubishi tu. Tulikuwa tisa kwenye baraza ya duka langu hapa Lindi mjini, akauliza nani kati yetu amewahi kumwona twiga kwa macho yake. Kimya. Na nusu ya waliokaa pale ni wazaliwa wa Liwale, wilaya iliyopakana na Pori la Akiba la Selous lenyewe! Tembo tumewaona mpaka tumewachoka, nguruwe pori ndio usiseme, lakini mnyama wa taifa tunamjua kwenye picha. Baadaye nikaja kujua sababu: twiga wa upande ule wako kaskazini mwa Mto Rufiji. Huku kwetu kusini mwa mto hawapo. Kumbe ukitaka kumwona ni lazima uvuke daraja la Mkapa, uende sehemu ile ya Selous iliyofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Wote wakakubali isipokuwa Kaka Hamisi. "Nilipe hela nikamwangalie tembo? Yeye alipokuja kwangu alilipa?"

Sikumlaumu. Mwaka uliotangulia tembo walimlia mahindi usiku mmoja, asubuhi akakuta mabua na kinyesi. Na simba naye kwetu si mnyama wa kupigia picha. Watafiti walihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba kati ya 1990 na 2004, wengi wao huku kusini-mashariki. Wakamtaja nguruwe pori kuwa chanzo kikubwa: nguruwe anafuata mazao, mkulima analala dunguni kulinda, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima. Bibi yangu hakulitamka jina la simba usiku hata siku moja. Alisema "yule bwana".

Hamisi alikubali baada ya wiki mbili, kwa sharti kwamba yeye anakwenda kwa ajili ya twiga tu.

Kazi ikawa pesa, na mweka hazina ni mimi. Watu wa huku hela tunaiona msimu wa korosho, mnada ukishapita na malipo yakaingia, yaani kuanzia Novemba hivi. Hifadhi nayo inapendeza kiangazi, Juni mpaka Oktoba, nyasi zimekauka na wanyama wamesogelea maji. Masika usijaribu, Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata hata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar pale Somanga, sembuse za vumbi. Sasa hela ya Novemba utaitunzaje mpaka Agosti, na katikati kuna Januari ya sare na madaftari?

Nilijaribu kuiweka kwenye simu yangu. Kosa. Kufika Januari watu wanne walishanijia, kila mmoja na shida ya kweli, na mmoja ni shemeji yangu. Nikaona hapa urafiki utavunjika kabla hata ya safari. Nikatafuta mwenye Landkruza huko Mloka, kijiji kilicho karibu na geti la hifadhi, kupitia jamaa anayeishi kule, tukaandikiana, nikamlipa gari na dereva zote za korosho kwa mkupuo. Aliyekuja kukopa baada ya hapo nilimjibu ukweli: hela haipo, iko Mloka. Walinuna siku mbili tatu. Kiingilio, boti, chakula na malazi tukaviachia ufuta, ambao mnada wake unaanguka karibu na safari, kwa hiyo haukupata muda wa kutamaniwa.

Agosti tukapanda basi la Dar, tukashuka Ikwiriri, tukalala. Kesho yake vumbi mpaka Mloka. Sina la kusimulia hapo zaidi ya mgongo. Getini Mtemere hawapokei fedha mkononi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Na kila mtu awe na kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni. Issa alikisahau cha kwake Ikwiriri kwenye suruali nyingine. Tulimsubiri saa mbili nzima kiletwe na bodaboda, na nauli akalipa mwenyewe, hilo sikulipeleka kwenye mfuko wa kikundi.

Issa huyohuyo alivaa jezi ya buluu. Nilishawaambia: mbung'o anapenda buluu na nyeusi, vaeni kaki au rangi ya majani makavu. Akasema mimi nina mambo. Tulipoingia kwenye miombo walimwandama yeye, sisi wengine wakitugusa kwa heshima tu. Mbung'o haumi kama mbu, anachoma kama sindano, juu ya nguo, na ukimpiga kofi anaruka mzima. Mwisho Somoe akamvika kanga yake, tukaenda na bibi harusi mpaka ziwani.

Twiga tulimkuta kabla ya adhuhuri, tena saba kwa mpigo. Dereva akazima injini. Nilichosikia ni majani yanavyokwanyuliwa, ule ulimi mrefu mweusi ukipita kati ya miiba ya mgunga bila kuchomwa. Mtu akanong'ona, "Mbona hana sauti?" Hamisi alitabasamu peke yake, nadhani alifikiri hatumwoni.

Mchana tukapanda boti. Viboko, mamba, ndege wa kila aina; siwezi kuwamaliza. Jioni, ufukweni mwa Ziwa Manze, tembo wakatoka kwenye mikoche kunywa maji, watoto wakiwa katikati. Wenzangu wote juu, simu mkononi. Hamisi kakaa.

"Kumi na mmoja," akasema. "Hawa ekari wanamaliza kabla ya daku." Kisha akamgeukia dereva. "Bwana mdogo, hawa wanaijua njia ya Liwale?"

"Mzee wangu, tembo haulizi njia."

Hamisi akatoa simu yake kwa mara ya kwanza siku ile. Nikajua sasa anapiga picha. Kumbe alikuwa anatafuta mtandao, ampigie kijana wake nyumbani amuulize kama mihogo imelala salama.