Zinki, vitamini C na asali wakati wa kuugua

Mafua yakianza, wengi hukimbilia vitamini C, na huwa wamechelewa. Mtu mzima anayeitumia kila siku kabla hajaugua hufupishiwa mafua kwa takriban asilimia 8 tu. Anayeianza pua ikishaziba, faida yake haijaonekana kwa uhakika. Ukizidisha miligramu 2,000 kwa siku unaweza kuharisha, na aliyewahi kuwa na mawe ya figo ajiepushe kabisa na dozi kubwa.

Zinki inahitaji uangalifu zaidi. Kwa mafua hutumika vidonge vya kumung'unya, vianzwe ndani ya saa 24 tangu koo lianze kuwasha, viyeyuke taratibu mdomoni bila kutafunwa. Majaribio kadhaa yaliyoonyesha nafuu yalitumia zaidi ya miligramu 75 kwa siku, ingawa mengine hayakuonyesha lolote. Hapo ndipo watu hukosea hesabu: miligramu 50 za zinki glukonati (zinki iliyochanganyika na kemikali nyingine) zina kama miligramu 7 tu za zinki yenyewe. Soma lebo vizuri.

Dozi hiyo ya zaidi ya miligramu 75 inapita kikomo cha kawaida cha mtu mzima, miligramu 40, hivyo ni ya siku chache tu, na mjamzito asiitumie bila kumwuliza daktari. Ukiendelea kwa miezi, zinki huzuia utumbo kufyonza madini ya shaba. Matokeo yake ni upungufu wa damu na ganzi miguuni. Ile ya kupaka au kupuliza puani usiiguse, maana imewaharibia watu uwezo wa kunusa.

Zinki pia hushikamana tumboni na antibiotiki kama siprofloksasini na tetrasaiklini, dawa ikashindwa kuingia mwilini ipasavyo. Meza antibiotiki saa 2 kabla ya zinki, au saa 4 hadi 6 baada yake.

Kwa mtoto anayeharisha, ushahidi una nguvu zaidi: ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) pamoja na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi 6. Wazazi wengi huacha choo kikishashikana. Tafadhali mmalizieni dozi, kwa sababu siku hizo za mwisho humkinga asiharishe tena miezi michache ijayo.

Asali hutuliza kikohozi, kijiko cha chai kimoja kabla ya kulala. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe hata ya kulamba: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na utumbo wake bado hauwezi kuvizuia.