Tetekuwanga ya darasa la tatu ilivyonirudia uzeeni

Maumivu yalitangulia kwa siku tatu kabla ya ngozi kuonyesha chochote. Ilikuwa Jumanne, nimeinamia cherehani nyumbani kwangu Nyalenda, Kisumu, nikimalizia sare za shule, nilipohisi mwako chini ya titi la kushoto, mwako uliozunguka ubavu hadi karibu na uti wa mgongo, mithili ya mtu aliyeunguzwa na chai ya moto kisha akalazimishwa kuvaa nguo juu ya kidonda. Nilikuwa na umri wa miaka 66, nimestaafu ualimu wa Sayansi Kimu, na kwa kuwa anayeshona kutwa hakosi kuumwa na mbavu, nilikilaumu kiti. Muuzaji wa duka la dawa nililoliendea alinisikiliza kwa dakika moja, akaniuzia dawa ya kuchua pamoja na vidonge vya antibiotiki ambavyo havikuwa na kazi yoyote katika ugonjwa niliokuwa nao. Kuchua kwenyewe sikuweza. Kidole kikipita tu juu ya ngozi ile nzima, isiyo na doa, machozi yalinilengalenga.

Ijumaa usiku vipele vikatoka. Kulipokucha vilikuwa vishada vya malengelenge yenye maji, vimejipanga katika utepe wa upana wa kiganja, na vilipofika katikati ya kifua vikakoma ghafla, kana kwamba mtu alikuwa amepiga mstari kwa chaki ya fundi. Jina lake nililijua. Kila mtu wa rika langu upande huu wa Kenya anaujua mkanda wa jeshi, na anaikumbuka pia miaka ya tisini, ambapo kijana aliyetokewa na mkanda huo alianza kunong'onwa, kwa sababu mara nyingi ulikuwa dalili ya mapema ya virusi vya ukimwi. Ndiyo maana nilivaa gauni pana, nikanyamaza, nikaenda Alego kwenye mazishi ya shemeji yangu. Huko wifi yangu aliyaona malengelenge nilipokuwa nikioga, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mgongoni mtu hufa, kisha akaniletea majivu ya kupaka. Majivu niliyakataa. Lakini kwa aibu na kwa heshima ya matanga nilizipoteza siku tatu, na hizo ndizo ninazozijutia hadi leo.

Afisa wa kliniki aliyenipokea Jumanne asubuhi alikuwa wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Hakuniuliza nilianza kuumwa lini, aliuliza, "Mwalimu, vipele vyenyewe vilitoka lini?" Nilipomjibu akahesabu kwa vidole. Dawa ya asikloviri hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutokea, nami nilikuwa nimezipita. Hata hivyo alinikagua, akaona malengelenge mapya bado yanachipuka upande wa mgongoni, akasema kwamba maadamu mapya yanatoka, virusi bado vinazaana na dawa bado ina la kuzuia. Aliomba pia anipime virusi vya ukimwi na sukari, akanieleza bila kuzungukazunguka kwamba kwa mwenye umri kama wangu miaka yenyewe hutosha kuleta mkanda, ila ni vyema kujua kama kuna jingine linaloidhoofisha kinga. Majibu yote mawili yalikuwa mazuri. Nakiri kwamba dakika zile ishirini za kusubiri zilinichosha kuliko maumivu, ingawa ningekutwa navyo, dawa zake zipo na watu wanazitumia na kuishi miaka mingi.

Kipimo kilikuwa miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba. Maana yake vidonge viwili vya miligramu 400 kila mara, jumla vidonge 70. Mtu anayedhani kumeza dawa mara tano ni jambo dogo ajaribu. Niligawa siku kwa saa nne nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku, nikaweka jedwali ukutani kama lile la vipindi shuleni na kutia alama kila nilipomeza. Nilinywa maji mengi, kwa maana dawa hii hupitia kwenye figo, na joto la Kisumu halimsamehe asiyekunywa. Mke wa mwanangu, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, hakukumbuka kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Tuliambiwa kwamba majimaji ya malengelenge yangeweza kumwambukiza tetekuwanga, siyo mkanda, kwa hiyo akaenda kwao Kakamega hadi malengelenge yote yalipokauka na kufanya magamba. Mimi niliyafunika muda wote.

Mpwa wangu anayesomea udaktari Maseno alikuja kunitazama, na swali lake la kwanza likanishangaza. "Shangazi, uliwahi kuugua tetekuwanga?" Niliwahi. Nilikuwa darasa la tatu, tukalala mkeka mmoja mimi na ndugu zangu wawili, mama akituogesha kwa maji yaliyochemshwa mwarobaini. Akaniambia kwamba virusi vile havikutoka mwilini vipele vilipokauka. Vilizifuata neva za ngozi hadi kwenye vifundo vya neva vilivyo kandokando ya uti wa mgongo, vikajibanza humo kimya karibu miaka sitini, huku chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe T zikivichunga. Kila kifundo huhudumia utepe mmoja wa ngozi, upande mmoja tu wa mwili, na ndiyo sababu vipele hujipanga kama mkanda na kukoma katikati. Kwa hiyo hofu ya wifi kuhusu ncha kukutana haina msingi: kwa kawaida mkanda hauvuki mstari huo, na hata ukitokea pande zote mbili, jambo ambalo ni nadra, si kukutana kwa ncha kunakoua.

Kilichobadilika ni ulinzi. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ndiyo chuo cha chembe T, nayo huanza kusinyaa na kugeuka mafuta mapema sana maishani, hata mzee akawa anaishi kwa kutegemea askari wa zamani ambao hupungua na kuchoka. Daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, Edgar Hope-Simpson, aliyewatazama wagonjwa wake kwa miaka mingi, ndiye aliyeandika mwaka 1965 kwamba mkanda ni tetekuwanga ile ile iliyolala, inayoamka kinga inaposhuka. Na si mgeni pekee tuliye naye. Mpwa alinitajia virusi vya sitomegalo, ambavyo wengi wetu Afrika huvipata utotoni bila kujua. Kwa baadhi ya wazee, chembe T zinazovichunga hivyo tu huongezeka hadi zikachukua sehemu kubwa ya kikosi kizima. Kama jambo hilo huwanyima walinzi wengine nafasi au la, wanasayansi bado wanabishana. Mimi nililipenda kwa sababu lilinionyesha kwamba kuzeeka si kupungukiwa tu. Ni pia kubeba mizigo ya tangu utotoni.

Malengelenge yalikauka katika wiki ya tatu. Maumivu hayakuondoka. Yakidumu zaidi ya miezi mitatu huhesabiwa kuwa ugonjwa unaojitegemea, maumivu ya neva zilizojeruhiwa, na hatari yake hupanda kadiri umri unavyopanda. Panadoli haikuyagusa. Nilipewa amitriptilini, ambayo watu huijua kama dawa ya sonona, kwa kipimo kidogo, nusu ya kidonge cha miligramu 25 kila usiku, kwa sababu hutuliza neva. Ilinisaidia kulala. Ilinikausha kinywa vilevile, na usiku mmoja niliinuka kwa haraka kwenda msalani nikapata kizunguzungu, nikajishika mlangoni. Tangu hapo nilikaa kwanza ukingoni mwa kitanda nikihesabu hadi thelathini.

Ila kilichonirudisha kwenye cherehani ni nguo. Ngozi ile haikuvumilia mshono. Uzi wa pindo ulinichoma kama upupu, na sidiria ilikuwa adhabu. Nilichukua leso kuukuu, iliyofuliwa hadi ikalegea kama kitambaa cha mtoto, nikakata fulana isiyo na mshono ubavuni: kitambaa kimoja kinachozunguka mwili, kinafungwa kwa vishikizo upande wa kulia, mapindo yote yametazama nje. Kilichonishangaza ni kwamba kitambaa kinachobana kidogo kiliuma kidogo kuliko kinachopeperuka, kwa kuwa mguso mwepesi ndio uliowasha moto. Nilishona tatu. Katika mwezi wa sita wa maumivu hayo nilianza kupunguza dawa kwa maelekezo ya kliniki, na mwezi wa saba nikaiacha.

Chanjo ipo. Ile inayotumika sana sasa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hutolewa sindano mbili zinazoachana miezi miwili hadi sita, kwa watu wa miaka 50 na zaidi, na katika majaribio ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya mikanda. Haimo katika chanjo za kawaida zinazotolewa bure nchini mwetu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kuwasahau wazee, ingawa najua bajeti ina watoto wa kuwatazama kwanza.

Mwaka huu, baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa letu alilalamika kwamba paji la uso lilikuwa likimwaka tangu juzi na kwamba asubuhi hiyo ameamka na vipele. Nilimtazama pua. Kwenye ncha palikuwa na lengelenge moja, na mpwa alikuwa amenionya kwamba neva inayofika hapo ndiyo inayofika jichoni. Alitaka kwanza arudi nyumbani ale. Nilimwambia, "Baba, chakula kitangoja," nikasimamisha tuktuk, na kufikia saa nane mchana alikuwa amekwisha kuonwa jicho, amemeza vidonge viwili vya kwanza, na ananiuliza kwa nini nimemwandikia nyakati tano za kumeza dawa kwenye bahasha ya sadaka.