Vile nilijifunza kuuliza "ilianza lini" kabla ya kuupa ugonjwa jina

Ile pepa ya magonjwa ya akili niliifeli mara ya kwanza, na sio eti sikuwa nimesoma. Dalili zote nilikuwa nimekariri. Uniamshe usiku uniulize dipresheni, nakutajia zote 9 bila kukosea. Shida ilikuwa pale mwalimu anakuwekea kisa cha mtu, nusu ukurasa hivi, jamaa wa miaka 24, usiku halali, anasikia sauti, ameacha kazi, anaona watu wanamfuata, sasa sema ana nini. Mimi nikiona "sauti" naandika skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia na kuamini vitu hazipo. Nikiona "analia" naandika dipresheni. Ikawa nakosa karibu zote.

Chenye kilinitoa hapo ni atachimenti. Nilipelekwa kliniki ya afya ya akili kwa hospitali moja ya umma huku Eastlands, na kazi yangu ilikuwa kukaa na mgonjwa na mwenye amemleta niandike historia kabla waingie kwa daktari. Mimi sipimi mtu, daktari ndio anaamua, lakini anaanzia kwa yale nimeandika.

Wiki ya pili akaja mama mmoja kutoka Kayole na kijana wake (nimebadilisha vitu kadhaa asijulikane). Kijana hatulii kwa kiti, anaongea mbio mpaka maneno yanagongana, anasema redio ya jirani inamtangaza jina na kuna sauti inamwambia amechaguliwa anunue matatu zote za ruti yao. Mama ameinama tu ameshika leso. Kitu cha kwanza aliniambia ni, "Daktari, tafadhali usiniambie nimpeleke Mathari." Nikamwelewa, hiyo hospitali ya magonjwa ya akili iko pale tangu 1910 na watu wamefanya jina lake tusi, mzazi akilisikia anaona mtoto wake ndio ameisha. Basi nikaandika vile nilijua kuandika, anasikia sauti, anaamini vitu hazipo, haendi kazi, na chini nikaweka skizofrenia na alama ya kuuliza.

Sista mwenye alikuwa anatusimamia, mama wa makamo amekaa hiyo kazi miaka mingi, akasoma na hakunikemea. Akaniuliza tu, "Msichana wangu, hizi sauti zilianza kabla aache kulala ama baada?" Nikanyamaza, juu sikuwa nimeuliza. Akachukua karatasi akachora mstari mmoja mrefu kutoka upande huu hadi ule, akasema rudi kwa mama mkaujaze.

Sasa kuuliza mtu kitu kilianza lini huku kwetu ni kazi. Utaambiwa "kitambo", ama "juzi juzi", na hiyo juzi juzi ukiichimba unapata ni miezi 4. Mama alijaribu akachanganyikiwa, akalia kidogo, alafu akakumbuka maji. Kwa ploti yao maji hufika Jumanne na Jumamosi usiku, na yeye huweka alama kwa ile kalenda ya buchari nyuma ya mlango, siku yamekuja na siku yamekosa, na alikuwa ameipiga picha na simu juu walikuwa wanazozana na keateka. Tukaifungua hapo hapo. "Jumamosi hii," akagusa kioo na kidole, "maji yalikuja saa nane usiku, huyu akaamka akajaza mitungi ya ploti nzima, hata ya watu hawajamtuma. Nikafurahi, nikasema kijana wangu sasa amekuwa mtu wa kusaidia." Jumanne yake akajaza tena na hakurudi kulala, kukicha anaosha ngazi za orofa zote. Jumamosi ya pili alikuwa amekopa kwa simu mara 5, akanunua viatu na spika kubwa. Na sauti je? Mama akasogeza kidole hadi Jumanne iliyofuata. Siku 10 baada ya ile mitungi. Yaani usingizi ulitoka kwanza, nguvu zikapanda, sauti zikaingia mwisho.

Nikauliza kuhusu mwaka uliopita. Akasema ah, mwaka uliopita huyu alikuwa mgonjwa wa tumbo, Juni yote mpaka katikati ya Julai alikuwa kwa kitanda, hali chakula, haogi, marafiki wakipiga simu hashiki, wakampima vidonda vya tumbo hawakuona kitu.

Ukiangalia ule mstari sasa unaona mtu aliyeshuka wiki 6 alafu mwaka ukazunguka akapanda zaidi ya wiki 2, na sauti zimekaa ndani ya kule kupanda tu, nje yake hakuna. Kwa skizofrenia sauti hazingoji mtu apande ama ashuke, zinakuwepo hata akiwa ametulia, na muda wake ni mrefu, DSM-5, kile kitabu cha Marekani cha 2013 chenye madaktari hutumia kutaja magonjwa ya akili, kinataka dalili zikae miezi 6, na ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, inataka angalau mwezi 1. Daktari aliongea nao karibu saa nzima akaandika baipola, ule ugonjwa wa kupanda na kushuka. Na sio mchezo wa majina. Kama ile Juni angepewa dawa za dipresheni peke yake, zinaweza kumrusha mtu kama huyo juu zaidi.

Hapo ndio nilielewa kwa nini mwalimu alikuwa anatusumbua na yule daktari wa akili Mjerumani, Emil Kraepelin. Mwaka 1899 alitenganisha haya magonjwa mawili, na hakuangalia dalili ya siku moja, alifuata mgonjwa kwa miaka aone ugonjwa wake unaenda wapi. Darasani niliona ni historia tu ya kukariri.

Kutoka siku hiyo kila mtu nilimchorea mstari. Kuna jamaa aliletwa anatetemeka, anakung'uta siafu kwa shuka na siafu hakuna, familia inasema amerogwa. Sista hata hakuuliza mambo ya siafu, aliuliza alikunywa lini mara ya mwisho. Siku 3 zilikuwa zimepita. Mtu amekunywa kila siku kwa miaka akiacha ghafla, kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuona vitu hivyo, na hiyo inaua, kwa hivyo hakungoja foleni, alikimbizwa kasualti. Mzee mwingine alikuwa anasikia marehemu mke wake akimwita kutoka jikoni, wiki ya tatu baada ya mazishi. Huyo hatukumwandikia ugonjwa, tulikaa naye tukamsikiliza akituambia habari za mkewe.

Kitu kingine kilinichukua muda ni maneno yenyewe. Nilikuwa nangoja mtu aniambie "nina huzuni", na kwa miezi 3 hakuna hata mmoja aliniambia hivyo. Wanasema kichwa iko moto, mwili inauma, nina mawazo mengi, hii ni presha. Kama mwili unauma lazima mwili upimwe kwanza, hata tezi ya shingo ikiharibika mtu anaweza kuwa na moyo wa mbio na wasiwasi usioisha. Lakini mimi nikaanza kuuliza pia, kuna kitu ulikuwa unapenda na umekiacha? Mama mmoja muuza mboga akafikiria sana alafu akasema ameacha kuimba kwa kwaya, na alikuwa sauti ya kwanza miaka 11. Kutoka lini? Pasaka. Hapo ndio tukaanza kuongea vizuri.

Pepa nilirudia Novemba nikapita, nikichora mistari kando ya kila kisa.

Kijana wa Kayole alirudi kliniki baada ya wiki 6, amenona kidogo, anaongea pole pole, mikono inatetemeka kiasi juu ya dawa. Mama hakuleta picha, alileta kalenda yenyewe ameikunja kwa kiondo. Kando ya alama za maji kulikuwa na namba ndogo ndogo za peni nyekundu, masaa kijana amelala. Nilizipitia na kidole vile yeye alinionyesha. Jumatatu 8, Jumanne 7, Jumatano 7, Alhamisi 4. Nikamwita sista, tukakaa chini wote wanne tukaanza na hiyo Alhamisi.