Mkojo ukichelewa njiani, majibu yanadanganya

Kabla hujailaumu dawa kwamba imegoma, uliza kikopo cha mkojo uliopelekwa maabara kupimwa vijidudu kilikaa wapi na kwa muda gani. Tanga ya Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30. Kwenye joto la mwili, E. coli, bakteria wa utumbo, hugawanyika kila dakika 20 hivi. Humo chumbani huenda polepole kidogo tu. Vijidudu 1,000 kwa mililita, vilivyodondoka kutoka kwenye ngozi, vikijigawa mara sita ni 64,000. Mara ya saba vimevuka 100,000, kiwango ambacho maabara nyingi hukiita maambukizi. Basi mgonjwa anachomwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, kwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) iliyozaliwa ndani ya gari la kutoka Pangani, na tumboni mwake vijidudu dhaifu vinakufa, vilivyo sugu vinabaki na uwanja mtupu.

Mkojo uanze kuoteshwa, yaani kuwekwa kwenye sahani ya maabara vijidudu vikue, ndani ya saa 2. Haiwezekani? Jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mwisho saa 24. Safarini, boksi lenye barafu. Friza hapana. Na saa ya kukojoa iandikwe kwenye kikopo chenyewe, maana mifuniko hubadilishana.

Mwanamke ajisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, atanue mashavu ya uke, mkojo wa kwanza uende chooni, kisha akinge wa katikati bila kukata, mililita 10 hadi 20. Maelezo haya hutolewa dirishani kwa sauti ya chini na kwa haraka, na ndiyo maana sampuli nyingi huharibika hapo hapo.

Maabara huchota kwa kitanzi cha mikrolita 1, kwa hiyo kila koloni moja (kidoa cha vijidudu vilivyoota pamoja) kwenye sahani ni sawa na vijidudu 1,000 kwa mililita. Zikiota aina tatu za vijidudu au zaidi, huo kwa kawaida ni uchafu: omba mkojo mwingine, usichague dawa. Isipoota kitu, muulize mgonjwa kama hakumeza sipro, antibiotiki ya vidonge, ya dukani jana yake.

Mwenye mpira wa mkojo, usichukue kwenye mfuko. Mkojo wa humo umelala tangu alfajiri. Bana mpira chini ya tundu la sampuli, subiri dakika chache, futa tundu kwa spiriti ya asilimia 70, liache likauke, ndipo uvute mililita 10 kwa bomba la sindano. Ukimaliza, achia kibanio. Hicho husahaulika kuliko vyote.